Pembe Iliyoitika kwa Jina la Mukiri

Pembe ililia.

Si kwa mbali, msomaji wangu, na si ndotoni. Ililia nyuma ya bucha ya Rashid, hapa hapa Laare, Meru, Jumamosi mchana kweupe, watu wamejaa mpaka mlangoni na supu inafuka mezani. Ililia mara moja, kwa urefu, na mwishoni ikakohoa kidogo kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake.

Joyline alikijua kikohozi kile. Angekijua hata angekuwa yeye ndiye aliyezikwa.

Maana jina lililokuwa limeitwa ni Mukiri, mume wake. Na Mukiri alizikwa mwaka jana.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, shika mkono wangu tuingie pamoja. Timu ya taifa inakwenda kucheza ugenini, Kampala. Kila timu ikitoka hivyo, ofisi ya mashabiki kule Nairobi hugawia kila tawi tiketi chache, na hapo ndipo watu waliokula sahani moja husahauliana majina. Zamani tiketi za Laare zilikwenda kwa majina hewa. Shemeji wa fulani, mpangaji wa fulani, watu wasiojua hata kipa anaitwa nani. Ndipo Rashid, mwenye bucha na mwenyekiti wa tawi, akaleta Mwito.

Mwito ni hivi. Unataka tiketi, njoo mwenyewe. Jina lako likisomwa, usijibu kwa mdomo, kwa sababu mdomo unaigika. Jibu kwa chombo chako, kile unachokwenda kushangilia nacho. Njura ana kifuniko cha sufuria. Joyline ana firimbi. Mwanatatu, mke wa Rashid, anaruhusiwa kupiga vigelegele kwa kuwa supu ni yake. Na Mukiri alikuwa na pembe ya fahali, ambayo wanaume wa Laare waliijaribu mmoja mmoja wakaambulia mate tu. Anayeitika ndiye anayekwenda. Asiyeitika amebaki.

Na aliyekufa je? Tawi la Laare halimfuti mtu haraka. Jina lake huendelea kuitwa, watu hunyamaza kwa pumzi moja, kisha linasomwa linalofuata. Huitwa hivyo mpaka timu irudi uwanja aliokwenda mara ya mwisho. Mukiri uwanja wake wa mwisho ulikuwa Kampala. Kwa hiyo leo ndio ulikuwa mwisho wa kuitwa kwake.

Tiketi ilikuwa imebaki moja. Na jina la kufuata, baada ya ile pumzi, lilikuwa la Joyline.

Pumzi haikuisha. Pembe ikalia.

Rashid alikuwa ameshika kisu cha kukatia mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Kisu kikabaki hewani.

"Ni nani huko nyuma?"



"Mwenyekiti, usiulize ni nani," Njura akasema, maana Njura hanyamazi hata matangani. "Umeita jina, jina limeitika. Mpe mtu tiketi yake."

Mmoja akacheka, akagundua yuko peke yake, akaacha.

"Wewe Njura," Mwanatatu akamkemea. "Humwoni mke wake amekaa hapo?"

"Namwona. Na sheria ni ya nani? Si tuliiweka sisi wenyewe? Anayeitika ndiye anayekwenda. Hatukusema ni lazima awe anapumua."

Macho yote yakamgeukia Joyline. Firimbi bado ilikuwa mdomoni mwake, kavu.

Na sasa nikunong'oneze jambo ambalo watu wa bucha hawalijui. Joyline hakuwa anaitaka tiketi ile aone mpira. Siku ya Kampala, Mukiri alimpigia simu kutoka jukwaani. "Sikiliza," akamwambia, "nakupulizia." Akainua simu, akapuliza. Joyline, amesimama katikati ya mafungu ya miraa aliyokuwa akiifunga, akaisikia pembe pamoja na kikohozi chake. Kisha akasikia kitu kingine. Kutoka mbali, pembe ya pili ikajibu.

"Umesikia?" Mukiri alikuwa anacheka. "Inaitikiwa."

Simu ikakatika. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Wakirudi nyumbani, gari moja la mashabiki, lililobeba watu wa Meru na wa Embu pamoja, liliteleza darajani likaingia kwenye mto uliofurika. Mukiri alipatikana baada ya siku kadhaa, kadi yake ya shabiki shingoni, pembe kiunoni. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari. Msifungue, wakaambiwa. Hawakufungua.

Tangu hapo, timu ikicheza, Joyline hukaa kama mtu anayengoja kupigwa. Pembe yoyote ikilia kwenye televisheni, yeye husubiri ya pili. Ni nini kilichomwitikia Mukiri? Waliosikia hadithi ile walimwambia ni mwangwi wa uwanja. Moyoni alisema ni kile kilichokuwa kinamsubiri darajani. Alitaka tiketi moja tu, akae kwenye jukwaa lile la wageni, apulize firimbi yake, asikilize ni nini kitajibu. Basi. Akishasikia, labda atalala.

Sasa kilikuwa kimechoka kumngoja. Kimemfuata Laare.

Akainuka.

"Shemeji, usitoke huko," Rashid akasema.

Akatoka.

Nyuma ya bucha hapakuwa na mtu. Ngozi zilikuwa zimeanikwa. Fahali wa kuchinjwa kesho alikuwa amefungwa kwenye kigingi chake, lakini hakuwa anakula. Alikuwa ameelekeza masikio kwenye lango la mabati lililokuwa wazi, anatazama njia tupu.

"Hata ng'ombe amesikia," Njura akasema nyuma yake, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini.

"Nakwenda kumwangalia," Joyline akasema.

"Kumwangalia nani, mama?"

"Mukiri."

Rashid akatazama saa ya ukutani. Jina la mwisho lilitakiwa liwe limefika Nairobi kabla ya saa kumi, la sivyo tiketi inahamia tawi jingine. "Shemeji, wakati hatuna."

"Basi mwandike Mukiri," Joyline akasema, na akapanda boda.

Kaburi liko juu ya shamba lao, kwenye kona ambapo miti ya miraa ni mizee na vigogo vyake vimejipinda. Joyline alipanda mteremko ule bila kupumzika. Njiani alijiambia kwamba akikuta udongo umefukuliwa atapiga kelele, na akikuta haujafukuliwa atapiga kelele zaidi.

Haukuwa umefukuliwa.

Msalaba ulikuwa umesimama. Pembe ilikuwa mahali pake, imejengewa kwenye saruji chini ya msalaba, mdomo ukitazama bonde, kama walivyoiweka siku ya mazishi. Joyline akapiga magoti, akachungulia.

Buibui alikuwa amefuma utando kwenye mdomo wa pembe. Utando mzima, wa zamani, una vumbi. Hata pumzi ya mtoto mchanga ingeupasua.

Hii haijapulizwa leo. Haijapulizwa tangu iwekwe.

Alikuwa bado amepiga magoti, pua yake karibu na utando ule, pembe iliyokufa mbele ya macho yake, pembe nyingine ilipolia kutoka upande wa sokoni, kule bucha.

Ndefu. Na mwishoni, kikohozi.

Joyline hakupiga kelele. Alishika msalaba kwa mikono miwili, akakaza macho kwenye utando wa buibui. Haukutikisika.

Pikipiki ikazimika barabarani. Rashid akaja mbio kati ya miti, aproni yake ya bucha bado ina damu, uso umekuwa wa majivu.

"Umeisikia?" akauliza.

"Nimeisikia."

"Astaghfirullah. Twende, shemeji. Hapa si pa kukaa."

Lakini Joyline alikuwa anaitazama pembe kwa jicho jingine sasa. Jinsi ilivyojipinda. Ilikuwa imejikunja kuelekea upande mmoja, kama mkono mmoja unaokumbatia na mwingine haupo.

"Mwenyekiti. Yule fahali wa pembe hii ulimchinja wewe."

"Mimi."

"Alikuwa na pembe ngapi?"

Rashid akafuta mikono kwenye aproni. 

Hebu fikiria, msomaji wangu. Laare, mji ambao watu wanaijua nyama kuliko wanavyowajua wakwe zao. Miaka yote walimwona Mukiri na pembe yake, wakaishika, wakaipuliza, wakaicheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ya pili iko wapi. Kana kwamba fahali yule alizaliwa na upande mmoja wa kichwa.

"Alizichukua zote mbili," Rashid akasema, na akakaa chini kwenye nyasi kama gunia. "Nikamtobolea zote kwa chuma cha moto. Akasema ya pili ni ya mtu wake wa Siakago, kule Embu."

"Mtu wake."

"Ndivyo alivyosema. Akaniomba nisimwambie mtu. Mimi walahi nikafikiri..."

"Ulifikiri ni mwanamke."

"Nikafikiri ni mwanamke. Ulipofiwa, nikasema nyumba hii siiongezei moto."

Joyline akainuka kutoka magotini. Mwaka mzima alikuwa ameogopa kitu kisicho na mwili. Na sasa, hapo kwenye kaburi, akajishtukia anakitamani kitu kile kisicho na mwili. Zimwi lina heshima yake. Halipaki mafuta, halisuki nywele.

"Nipeleke bucha," akasema.

Bucha ilikuwa imejaa maradufu. Habari haina magurudumu lakini ilishafika stejini kwenye magari ikarudi. Waliokuja kutazama walikuwa wamesimama juu ya viti. Mwanatatu akawapokea mlangoni, akamvuta Joyline kando, anaongea bila kusogeza midomo.

"Yuko ndani. Ameingia mlipoondoka tu. Akatoka tena, akaipuliza hapo nje kama mtu anayeita teksi, akarudi akaketi. Ameagiza chai na haigusi."

"Ni nani?"

"Mtu wa Siakago. Viatu vina vumbi jekundu. Na usishtuke, dada yangu. Amekalia kiti cha Mukiri."

Mwanamke mwenyewe hakuwa mrembo wa kuvunja nyumba, na hilo lilimkera Joyline zaidi. Alikuwa mwembamba, amefunga leso ya kahawia, macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Mapajani alikuwa na kitu kimefunikwa kwa mtandio.

"Hicho kiti kina mwenyewe," Joyline akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekikalia."

Watu wakavuta pumzi. Njura akasukuma sahani yake mbali. Leo hata supu ilikosa wa kuitazama.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtu wake wa Siakago."

"La. Mimi ni mke wa mtu wake wa Siakago." Mwanamke akamtazama moja kwa moja. "Naitwa Mukami. Mume wangu ni Bundi."

Rashid akashika meza. "Bundi wa tawi la Embu," akasema polepole. "Yule ambaye mto haukumrudisha."

"Huyo huyo."

Hasira ikamtoka Joyline ghafla, akabaki hana cha kushikilia. Akavuta kiti.

"Walijuana vipi?"

"Ugenini. Walikutana jukwaani kule Dar, miaka ile. Mume wako akamletea Bundi pembe. Wakawa na mchezo wao, kila timu ikitoka. Mmoja anakaa chini, mwingine anakaa juu. Huyu anaita, yule anaitika. Bundi alikuwa akiniambia hakuna kitu kitamu duniani kama kuitwa na mtu wako katikati ya watu wa nchi nyingine."

"Na kwa nini ilikuwa siri?"

"Waliogopa Mwito wenu. Bundi alisema kwenu mtu ana pembe moja na pembe ina mtu mmoja. Kama mngejua ziko mbili zenye sauti moja, nani angeamini tena anayeitika?"

Rashid akainamisha kichwa. Ni kweli, angejua zote mbili zinalia sauti moja, angemfuta siku hiyo hiyo.

Joyline akafumba macho. Inaitikiwa. Hakikuwa kifo. Hakikuwa mwangwi. Alikuwa mwanamume mmoja kutoka Siakago, na pembe, na rafiki. Mwaka mzima wa hofu ukamtoka kifuani, akataka kucheka, akataka kulia, akakosa mahali pa kuanzia.

"Kwa hiyo Mukiri alikuwa chini, akaita," akasema, "na Bundi wako juu, akaitika."

"Hapana," Mukami akasema. "Mukiri wako ndiye alikuwa juu."

"Kadi yake ilikuwa ya chini. Niliiona mwenyewe kabla hajaondoka. Ya buluu."

"Na ya Bundi ilikuwa ya njano, ya juu. Lakini Bundi ana goti bovu, ngazi hawezi. Akanipigia simu wakati wa mapumziko, akaniambia wamebadilishana kadi langoni. Walinzi hawasomi majina, wanaangalia rangi tu. Mume wako akavaa kadi ya Bundi akapanda. Bundi akavaa ya Mukiri akabaki chini." Akauvuta mtandio. "Sijui kama waliwahi kurudishiana."

Mtu mmoja mlangoni alikuwa anatafuna miraa. Akaacha kutafuna.

"Dada," Mukami akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Waliniambia Mukiri wa Laare amepatikana, mke wake amemtambua, amemzika. Nikasema basi, wewe ulimwona. Nikaacha kuuliza. Sasa naomba uniambie ukweli. Ulimwona uso?"

Joyline akasikia misumari ya jeneza, mmoja baada ya mwingine.

"Walisema tusifungue."

"Ulimwona uso, dada?"

"Niliona kadi," Joyline akasema. "Waliniletea kadi na pembe. Niliona jina."

  Mwanatatu akaketi juu ya kreti ya soda, mkono mdomoni. Jina lililokuwa shingoni lilikuwa la Mukiri. Shingo haikuwa yake.

Mukami akaondoa mtandio.

Pembe iliyokuwa mapajani mwake ilijikunja upande wa pili. Na shingoni mwa pembe hiyo, chini kidogo ya tundu, ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu wa sufu.

Joyline akanyoosha kidole, akaugusa kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Uzi ule ulitoka kwenye sweta la shule la binti yao. Yeye ndiye aliyeufunga, kwa fundo lile la kufungia miraa, ili pembe isiteleze kwa jasho. Ile iliyo kaburini haikuwa na uzi. Siku ya mazishi alisema mto umeuchukua.

"Hii ni yake," akasema. "Hii ndiyo ya Mukiri. Ulipuliza hii."

"Bundi alinifunza. Unaweka mdomo pembeni."

"Umeitoa wapi?"

"Mwezi huu, asubuhi moja, nilifungua mlango nikakamue mbuzi. Nikaikuta imelazwa kizingitini. Hakuna nyayo nilizozijua. Hakuna neno." Mukami akaugeuza uzi kwenye mwanga wa dirisha. "Nikaitazama siku nyingi. Pembe ya Bundi haina uzi. Na mto haubishi hodi, dada. Kuna mtu alinyoosha mkono akaiweka."

"Yuko hai," Njura akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea duniani, alinong'ona.

"Kwa nini hukuja ukasema?" Rashid akauliza. "Kwa nini utushtue hivyo, mama?"

"Nilitaka kuona ni nani hatashtuka. Kama kuna mtu wa hapa anajua Mukiri yuko hai, asingeogopa kusikia pembe yake." Akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka wa juu ya viti. "Mmeshtuka wote. Hata ng'ombe."

Rashid akatazama saa. Ilikuwa inakimbilia kumi.

"Haya. Sheria ni sheria. Umeitika mbele ya watu. Tiketi ya mwisho ni yako, Mama. Toa kitambulisho."

Joyline hakubisha. Aliishika firimbi yake tu, akaizungusha.

"Tiketi mpe huyu," Mukami akasema. "Mimi sikuja kwa tiketi. Nimekuja kuomba kaburi."

Hapo, msomaji wangu, wanaume wenye ndevu waliangalia sakafu.

Joyline akaliona kaburi lile mbele yake. Alivyolipalilia kila Ijumaa. Alivyokaa pale na chai kwenye chupa, akisimulia bei ya miraa ilivyoanguka, na binti alivyofaulu hesabu, na majirani walivyosogeza mpaka. Mwaka mzima alikuwa anamlalamikia mume wa mtu.

"Nimemwambia mambo mengi, dada," akasema. "Mengine ya chumbani. Utanisamehe."

"Alikuwa anasikiliza?"

"Sana."

Mukami akatabasamu, na machozi yakapita juu ya tabasamu lile. "Basi ni yeye."

Wakashikana mikono juu ya pembe. Mwanatatu akaanza kulia waziwazi, na akina mama wa mlangoni wakamfuata, kwa sababu kilio cha Laare hakiendi peke yake.

"Jina," Rashid akasema, akikohoa, simu tayari sikioni. "Ni la nani? Dakika zinaisha."

"Andika langu," Joyline akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Nitakwenda Kampala. Kama yuko mahali popote duniani ambapo pembe inalia, atakuwa jukwaani."

Rashid akaiweka simu mezani, akaifungua spika, watu wote wasikie. Ndiyo desturi ya Mwito. Jina la mwisho halipelekwi kwa kunong'ona. Upande wa pili alikuwa Ayub wa ofisi ya mashabiki, kijana mwenye haraka kila siku.

"Mzee Rashid, umenichelewesha. Nipe nambari."

Rashid akamsomea nambari ya kitambulisho cha Joyline. Wakasikia vidole vikigonga. Kisha vikaacha.

"Mzee, huyu ana tiketi."

"Ana tiketi gani? Ndiyo kwanza nakupa."

"Joyline wa Laare, si ndiyo? Alichukuliwa tiketi asubuhi, kupitia tawi la Embu. Alikuja mtu mwenyewe hapa dirishani. Kitambulisho cha mama hakuwa nacho, lakini nambari alikuwa nayo kichwani, akaitaja bila kusita. Akasema ni mke wake."

Mkono wa Mukami ukakaza juu ya mkono wa Joyline.

"Huyo mtu," Joyline akauliza, akiinamia simu, "alijiandikisha kwa jina gani?"

"Ngoja. Alionyesha kadi ya zamani, imekunjika kama iliyolowa maji. Ya njano." Vidole vikagonga tena. "Bundi. Ndiyo. Amechukua viti viwili. Na mtu wa ajabu kweli. Nilikuwa na viwili vya pamoja, ubavu kwa ubavu, nikampa. Akakataa. Akataka kimoja juu, kimoja chini."

"Cha chini ni cha nani?"

"Cha mkewe," Ayub akasema. "Na ameacha ujumbe, kama mtapiga simu. Amesema wa chini asije na firimbi. Aje na pembe."